Binti wa Uvira aliyekaa mahabusu Mwanza kwa ajili ya soda na papa

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri. Wengine wote, habari za mchana.

Niko Kiseke hapa, mvua imekatika sasa hivi na mawe ya kilimani yanatoa mvuke kama ng'ombe waliotoka kuoga. Hali ya hewa ya namna hii huniletea usingizi mwepesi, ule wa kukaa kwenye kiti. Na katika usingizi huo kuna binti hunijia. Hajawahi kusema neno. Anakuja mbio, anafika karibu yangu, anasimama, ananitazama. Naamka.

Leo nimeona nimuandike.

Hii si chai. Niliyoyaona nitasema niliyaona, niliyosimuliwa nitasema nilisimuliwa. Ila ni mambo ya zamani, mengine yamepauka kama kitambaa kilichosahauliwa juani, kwa hiyo mkiniuliza gauni lake lilikuwa rangi gani sitaweza kujibu. Twende taratibu.

Ilikuwa ile miaka ya tisini ambayo Zaire ilikuwa bado inaitwa Zaire, lakini kwa shida. Mwanza yetu ilikuwa inaamka. Viwanda vya minofu vinafunguliwa, mji mzima unanuka sangara, mitumba imejaa hadi kwenye ngazi za majengo, kila mtu ana duka au ana mpango wa duka. Mimi nilikuwa binti mdogo, nimemaliza chuo cha uhazili, nimeajiriwa na wakili mmoja kumpigia chapa.

Nitamwita Wakili Magesa. Mkerewe, mrefu, mwembamba, sauti yake ya chini mpaka wateja walikuwa wanasogeza viti. Ofisi ilikuwa ghorofani juu ya duka la magodoro, si mbali na sokoni. Kila baada ya chakula cha mchana mzee alikuwa anafumba macho kwenye kiti chake, na wateja walishazoea, wanasubiri. Mara nyingine alikuwa analala kweli, mara nyingine anafikiri. Kwa nje huwezi kutofautisha.

Mimi mniite Kabula.

Sasa siku moja akaja mama mmoja, Mama Rehema, muuza pombe wa Igoma. Wakili alikuwa amemsaidia kwenye kesi ya kibanda chake, na kabla kesi haijaisha alikuwa amekaa mahabusu ya wanawake kwa muda. Alikuja kushukuru, ameleta jogoo. Akakaa. Tukadhani ameshamaliza, kumbe bado.

"Wakili," akasema, "kule ndani nimeacha mtoto wa watu. Kiswahili anaongea, lakini hasikiki."

"Hasikiki kwa vile sauti ni ndogo?"

"Sauti anayo. Ni maneno yanapita pembeni."

Akasimulia. Binti anaitwa Mapendo, katokea Uvira, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako vita ilikuwa imeingia. Alivuka kwa mtumbwi akafika Kigoma. Pale Kigoma hakukaa kujiandikisha kama wenzake, kwa sababu mtu alimwambia dada yake amepanda treni ya Mwanza. Naye akapanda treni. Akashuka Mwanza stesheni, hana karatasi yoyote, anauliza watu kama wamemwona dada yake. Akakamatwa hapo hapo.

Shtaka lilikuwa la kuwepo nchini bila kibali. Lakini kule ndani, akasema Mama Rehema, inajulikana kwamba ni mfanyabiashara wa magendo. Eti mwenyewe alikiri alipohojiwa.

"Magendo ya nini?" Wakili akauliza.

"Soda. Na samaki. Ila wakili, ungemwona anavyolala. Analala anaongea na watu wa kwao, anawapangia kazi. Wewe teka maji, wewe funga mlango. Asubuhi ukimwuliza alikuwa na nani, anaangalia kona ya chumba kama vile wametoka sasa hivi. Mfanyabiashara gani huyo?"

Wakili akafumba macho. Mama Rehema akaniangalia mimi, nikamwonyesha kwa mkono asubiri.

Wakuu, hapa nichomekee kitu kwa vijana. Wakati ule wakili wa kupewa bure na serikali alikuwa ni wa kesi kubwa, mauaji na zile za kunyongwa. Ukikamatwa huna kibali cha kuishi nchini, unasimama mwenyewe. Ukiwa na ndugu atakutafutia mtu. Sasa mkimbizi ndugu yake nani? Ndiyo maana amekimbia. Anasimama pale, anasomewa, anaulizwa ni kweli si kweli, anajibu anavyojua, na baada ya hapo anaweza kujikuta anarudishwa mpakani, kule kule alikotoka anatweta.

Wakili alipofumbua macho alisema tu, "Kesho nitapita."

Alipita. Akarudi mapema mno, akaning'iniza koti.

"Wamesema yeye hajaomba wakili," akaniambia. "Ili nimwone mtu, lazima mtu huyo awe amenipa kazi. Nami nikasema sawa, nipelekeni kwake anipe kazi. Wakasema siwezi kumwona kwa kuwa hajanipa kazi."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo hivyo. Ni nyumba nzuri, haina mlango."

Hakuwa amekasirika. Askari wa getini, aliniambia, alikuwa mtu mwenye adabu kabisa, alimpa hadi kiti. Alikuwa anafuata alichoambiwa. Wakili aliheshimu watu wanaofuata walichoambiwa, ila ilimtia huzuni.

Mimi ndiye niliyesema, basi niende siku ya kuona wafungwa na mahabusu, niende kama mgeni wa kawaida tu. Wageni wa kawaida hawahitaji kupewa kazi.

Jumapili nikachemsha viazi vitamu, nikakaanga sato, nikafunga kwenye kikapu. Asubuhi ilikuwa na ukungu. Wale wa Mwanza mnaujua, ule unaopanda kutoka majini na kukaa katikati ya mawe, unaona nyumba zinaelea. Nilitembea ndani yake na kikapu changu, nikisikia watu kabla ya kuwaona. Mpaka leo siku ile nzima naikumbuka kama mtu aliyetembea amelala.

Getini askari akaniambia nionje chakula mwenyewe kwanza. Nikaonja. Akauliza jina la ninayemtaka, nikasema. Akauliza, "Wewe ni nani wake?"

Nikasema, "Dada."

Kwetu hilo si neno la kufikiria. Muuza nyanya ni dada, askari mwenyewe angekuwa mwanamke ningemwita dada. Nilisema kama unavyosema habari ya asubuhi.

Askari akaingia ndani. Nikamsikia anaita kwa sauti, uani, "Mapendo! Dada yako amekuja."

Halafu nikasikia miguu.

Alikuja mbio, hana viatu. Alitokea kwenye ule ukungu, mikono ameshaikunjua kabla hajafika. Alifika kwenye waya uliotutenganisha akasimama. Akanitazama. Kisha akatazama nyuma yangu, kushoto, kulia, labda dada yake mwenyewe amejificha, labda ni mchezo. Nyuma yangu hakukuwa na mtu.

Sitaweza kuwaelezea ule uso ulivyokuwa unarudi taratibu mahali pake. Mikono yake ilibaki juu kwa muda, haikujua iende wapi.

"Balisema dada," akasema.

"Mimi ndiye niliyesema dada. Hapa kwetu..."

Akakaa chini. Nami nikakaa chini upande wangu. Pembeni yetu watu walikuwa wanapiga kelele, kila mmoja na mtu wake, habari za nyumbani, nani amezaa, nani amehama. Sisi tulikaa tu. Kikapu kilikuwa kimeshapitishwa upande wake. Baada ya muda akatoa kiazi kimoja, akakimega, nusu akaniinulia kupitia kwenye waya.

Tukala. Alikuwa rika langu.

Nikamwambia kuna mzee mmoja, wakili, anataka kumsaidia.

"Wakili ni nani?"

"Ni mtu anayekusemea mbele ya hakimu."

"Avoka."

"Hilo silijui. Anayekusemea."

"Nasemaka kila siku," akajibu, bila ukali. "Habasikie."

Nikamwomba aniambie mimi. Akasema, na haya ndiyo maneno yake, nimeyabeba miaka yote: "Basoda balikuya. Balikamata papa. Njo tukakimbia."

Nikatikisa kichwa kama niliyeelewa. Ukweli nilichosikia ni soda na papa. Soda zilikuja, papa wakakamatwa, wao wakakimbia. Moyoni nikasema, kumbe wale askari hawakumsingizia, binti kweli alikuwa kwenye biashara. Sikumchukia kwa hilo. Miaka ile nusu ya Mwanza ilikuwa inavusha kitu kutoka mahali fulani kwenda mahali fulani.

Kabla ya muda kuisha nikamwambia, "Wakija kukuuliza kama Magesa ni wakili wako, sema ndiyo."

"Magesa," akarudia. "Ndiyo."

Jumatatu nikampa mzee ripoti. Alikuwa anachonga penseli.

"Soda," akasema.

"Ndiyo mzee, soda. Na papa."

"Papa yule wa baharini? Anayekaushwa?"

"Mimi papa mwingine simjui."

Akaweka kisu chini. "Uvira hakuna bahari, Kabula." Akafumba macho, na safari hii sidhani kama alilala.

Tulirudi pamoja katikati ya wiki. Yule askari mwenye adabu alimwendea Mapendo, akamwuliza, binti akasema jina la Magesa na neno ndiyo, na ule mlango ambao haukuwepo ukawepo. Ila aliruhusiwa wakili peke yake. Mimi nikabaki nje, nimekaa juu ya jiwe, jua linawaka, vidudu vya ziwani vimesimama hewani kama moshi. Mjusi wa rangi mbili akapanda jiwe la jirani akawa anatikisa kichwa. Nadhani nilisinzia.

Nilipofungua macho mzee alikuwa amesimama mbele yangu, kofia mkononi.

"Soda si soda," akasema.

Tukaanza kutembea. Akasimulia huku anaangalia njia.

"Nilimwuliza, hizo soda mlikuwa mnaziweka wapi? Akanitazama kwa huruma sana. Akasema haziwekwi, zinakuja zenyewe. Nikauliza zinakujaje? Akasema kwa miguu. Nikauliza zilikuwa nyingi? Akasema nyingi, zilijaa kijiji, zilikuwa na viatu virefu. Halafu akaona sielewi. Akasimama, akaweka mkono begani hivi, kama amebeba kitu, akatembea mle chumbani. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia."

Mzee akasimama barabarani, akaonyesha. Watu walituangalia.

"Askari," nikasema.

"Wanajeshi. Ni neno la Kifaransa, soldat, wamelivua nguo wakalivalisha zao. Sisi nasi tukamkuta nalo tukasema, huyu ni wa kwetu, tunamjua, ni soda."

Sikucheka, naye hakucheka. Najua humu ndani kuna watakaocheka, na si vibaya, hata mimi nilicheka baadaye, miaka mingi baadaye, nikiwa peke yangu jikoni, na kicheko kikageuka kilio katikati.

Angekuja mtu anaongea Kilingala au Kifaransa au Kibembe, wangesema haeleweki, wakatafuta mkalimani. Mapendo alikuja na Kiswahili. Hakuna aliyemtafutia mtu kwa sababu wote walimwelewa. Askari aliyemhoji alimwelewa. Mimi nilimwelewa. Wote tuliielewa habari ambayo hakuisema.

Mchana ule mzee hakufumba macho.

Siku ya mahakama nilikwenda naye kumbebea vitabu. Chumba kilikuwa kidogo, madirisha wazi, pazia moja tu linavuta pumzi na upepo, ndani nje, ndani nje. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, mtulivu. Mwendesha mashtaka kijana, shati jeupe limepigwa pasi vizuri. Mapendo akaletwa, wamemfunga khanga ya mtu mwingine, ndefu kuliko yeye.

Wakili Magesa akasimama, akaomba mahakama itafute mkalimani kwa ajili ya mshtakiwa.

Kijana akasimama naye. "Mheshimiwa, mshtakiwa anaongea Kiswahili. Maelezo yake alitoa kwa Kiswahili."

Hakimu akamtazama mzee kwa juu ya miwani. "Wakili, unataka mkalimani wa kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili?"

Watu wakacheka. Mzee naye akatabasamu, alikuwa anajua inavyosikika.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na kama mahakama inaona ni kitu cha ajabu, naomba basi imwulize yeye mwenyewe swali moja. Maelezo yanasema alikuwa na papa, na papa hao walikamatwa. Naomba aulizwe, papa ni nani."

"Ni nini," kijana akasahihisha.

"Ni nani," akasema mzee, kwa ile sauti yake ya chini.

Mimi nilikuwa sijui anakwenda wapi. Hakuniambia lolote. Nilikuwa nimekaa na vitabu mapajani, najua habari ya soda tu.

Hakimu akamgeukia Mapendo. "Binti. Papa ni nani?"

Mapendo akamtazama hakimu, akatazama watu, kama anayeulizwa kitu ambacho hata mtoto anajua, akitafuta mtego uko wapi.

"Ni papa yangu, Mama," akasema. "Ule alinizala."

Pazia likavuta pumzi ndani, likatoa nje.

"Baba yako?" hakimu akauliza.

"Njo. Baba. Papa. Basoda bakamukamata, bakamupeleka ku barabara. Siye tukakimbilia ku ziwa. Mie na dada. Giza ilikuwa mingi, mitumbwi ilikuwa mbili. Mie nikapanda moja, yeye ingine."

Hakimu akavua miwani. Akaiweka mezani, akakaa bila hiyo, nadhani akawa anatuona sisi sote kama ukungu. Kisha akaivaa tena, akaanza kumhoji mwenyewe, neno moja moja. Akisikia neno la mashaka anasimama hapo. Kwenu hilo ni nini? Na hilo? Alikuwa anauliza kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, hakanyagi la mbele kabla hajajua la nyuma limekaa. Asubuhi yote ikaisha. Kesi nyingine zilikuwa zinasubiri nje, lakini hata waliokuwa wanasubiri waliingia wakasimama ukutani wakasikiliza, na hakuna aliyenung'unika.

Nilimwangalia yule kijana mwendesha mashtaka. Mwanzoni alikuwa anaandika. Mapendo alipofika pale kwenye mitumbwi miwili, yeye aliacha, akawa ameshika kalamu tu.

Kesi ikaahirishwa. Iliporudi, ni yeye kijana aliyesimama kabla ya mzee, akaomba shtaka liondolewe, mhusika akabidhiwe kwa afisa anayeshughulikia wakimbizi, asikilizwe kama mkimbizi. Hakimu akakubali. Ikaisha kimya kimya, hakuna kupiga makofi. Mapendo hakuelewa kwamba imeisha mpaka askari alipomfungulia mlango wa kizimba na kusogea pembeni.

Baadaye nilimwuliza mzee, ni sheria gani mpya aliyoitumia. Akasema hakuna mpya. Aliyekimbia hatari alitakiwa kusikilizwa kwanza, ilikuwa imeandikwa siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuingia nayo pale ndani.

Sasa nifike pale ambapo kwangu mimi ndiyo habari yenyewe.

Afisa wa wakimbizi alikuwa mtu mnene mpole mwenye gari la serikali. Mpango ulikuwa Mapendo apande treni kurudi Kigoma, apokelewe, apelekwe kambini kwa watu wa kwao. Treni ilikuwa jioni, sisi tukafika stesheni mapema, mimi na mzee tumekwenda kuaga. Mapendo akasema ana haja moja. Tangu afike mji huu alikuwa anasikia harufu ya maji na hajawahi kuyaona. Alishuka stesheni akakamatwa, akapelekwa kwenye kuta. Anaomba kuona.

Afisa akaangalia saa, akasema twendeni, ni hapo chini tu.

Wakuu, miaka ile magugu maji yalikuwa yamevamia ziwa. Wavuvi waliyalaani, boti zilikwama, najua hasara yake. Lakini jioni ile tulishuka kati ya mawe tukakuta hakuna ziwa. Kulikuwa na shamba. Kijani mpaka macho yanaishia, limejaa maua ya zambarau, na yangeyange weupe wanatembea juu yake taratibu kama wenye shamba.

Mapendo akasimama.

"Ziwa iko wapi?"

"Hilo," nikasema. "Chini ya majani."

Alitazama ndege kwa muda. "Hapa bantu banatembeaka juu ya maji?"

"Hapana. Ndege tu."

Akauliza ng'ambo ni Uvira? Nikamwambia hapana, ng'ambo ni Bukoba, na zaidi ya hapo ni Uganda. Akauliza ziwa lao liko upande gani. Mimi nikageuka huku na huku, sikujua. Wakili akanyoosha mkono wake mrefu kuelekea jua lilikokuwa linashuka. "Kule. Mbali sana, nyuma ya milima mingi. Lakini ni kule."

Akavua kandambili, akaingia. Maji yalimfika magotini. Akayatenganisha yale majani kwa mikono miwili, akafungua kidirisha kidogo cha maji, meusi, yanang'aa. Akainama akanawa uso. Halafu akabaki ameinama hapo hapo, akaita jina la dada yake. Hakuita kwa nguvu. Aliita kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili, ambaye unajua yupo, unataka tu akuletee kitu.

"Riziki."

Akasubiri. Nasi tukasubiri. Afisa alivua kofia yake. Hata sasa nikifumba macho naona tulivyosimama wote watatu, watu wazima, tumetega masikio kwenye yale maua, na sioni kama ilikuwa ni ujinga. Nilikuwa nasikiliza kweli. Kama sauti ingetoka mle ndani nisingeshangaa.

Yangeyange mmoja akaruka, akatua mbele kidogo.

Majani yakaanza kurudi, yakakifunga kile kidirisha. Mapendo akatoka. Nilidhani atalia. Akatikisa maji mikononi, akatazama nyuma mara moja na kusema, "Ziwa yenu iko na shamba juu yake. Nikiwaambia ku nyumbani, habataamini."

Tukampandisha treni. Mzee alimpa mkono, akamwita mwanangu. Mimi naye tulikumbatiana, na safari hii mikono yake ilijua pa kwenda. Treni ikaondoka kwa mwendo ule wake wa kusitasita, kama mtu aliyesahau kitu ndani.

Sikupata habari zake tena. Niliwahi kuulizia kwa watu wanaotoka Kigoma, lakini kambi zilikuwa kubwa, na akina Mapendo ni wengi. Sijui kama alimwona Riziki. Sijui ule mtumbwi wa pili ulifika wapi.

Wakili Magesa naye ameshatangulia, amelala kwao Ukerewe. Baada ya kesi ile aliendelea kwenda kule ndani, hakuna anayemlipa, na yule askari wa getini akawa anatuma mtu ofisini mwenyewe: mwambieni mzee kuna mgeni amekuja, Kiswahili anacho, lakini aje amsikilize kwanza. Wengine walisaidika, wengine hatukuwahi, tunafika tunaambiwa ameshasafirishwa jana. Hao nao huwa nawawaza.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu akikueleza jambo lake na ukaona umeelewa haraka sana, rudi nyuma umwulize tena. Hasa kama yuko ndani na wewe uko nje. Na haki ya kuwa na wakili, wakuu, tusiione ni kitu cha wenye makosa makubwa au wenye uwezo. Kuna mtu anahitaji tu mmoja wa kumwuliza papa ni nani.

Mwenye kuongeza aongeze, mwenye kupinga apinge, wanasheria mliomo humu nirekebisheni nilipokosea. Na kama kuna aliyepita Kigoma miaka ile, au aliyeishi kambini, au mtu wa Uvira anayesoma hapa: dada mkubwa anaitwa Riziki, mdogo Mapendo, walivuka pamoja kwa mitumbwi miwili. Ukiwa na neno lolote juu yao, hata la kusikia tu, liweke hapa chini. Andika kwa Kiswahili chako. Nitauliza nisipoelewa.